Vigoda vya Wageni wa Gisozi

Jumanne ya pili ya mwezi wa nne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Gahongayire alifungua duka la samani la Mutsinzi kule Gisozi, Kigali, akapangusa vumbi la mbao kwenye kibodi kwa brashi ya rangi, akabandika birika. Maji hayajaanza hata kuimba, mgeni wa kwanza alikuwa amekwisha simama mlangoni. Kule Kibagabaga mama mmoja aitwaye Connie alikuwa ametuma linki ya kiti kwenye kundi la WhatsApp la dada zake, na linki ikitumwa lazima roboti aje kuchungulia. Huyu alipangusa viatu, akatazama picha ya kiti, akasoma kichwa cha ukurasa, akasoma mistari miwili ya maelezo, akainamisha kichwa kuaga, akateremka mlima. Yote hayo yalichukua muda wa kupiga chafya. Papo hapo simu za dada sita wa Connie zikaonyesha kile kikadi kinachokaa chini ya linki: picha, kichwa na maneno machache.

Watu wa Gisozi hawakuwaona roboti hao kuwa kitu cha ajabu. Kimo chao kilikuwa cha meza ya kulia chakula. Walivaa makoti ya kijivu, na shingoni kila mmoja alining'iniza fremu ndogo tupu ya kubebea atakachokiona. Hawakuwa na midomo, kwa hiyo hawakusalimu, na mwanzoni mafundi wa Agakiriro, yaani ule mtaa mzima wa karakana za mbao na vyuma, waliwaona wakosa adabu. Baadaye wakazoeleka. Madereva wa malori ya mbao waliwapisha njiani. Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya usafi wa pamoja, mkuu wa mudugudu, yaani kitongoji, aliwagawia mafagio kama wakazi wengine, akawaandika kwenye daftari la wageni, na kwenye nafasi ya anwani akaandika kwamba wanapita tu.

Tovuti nyingi hukaa kwenye kompyuta za watu wa mbali, lakini Mutsinzi hakuwa mtu wa kuacha vitu vyake vilale kwa wengine. Tovuti yake ilikaa dukani, ndani ya kompyuta nyeusi iliyofungiwa kwenye kabati la mbao ya libuyu, na mlango wa duka ndio uliokuwa mlango wa tovuti. Aliyetaka kuichungulia alipanda mlima kwa miguu.

Kazi ya Gahongayire ilikuwa kuwasimamia. Alikulia Karagwe, Tanzania, wazazi wake wakarudi naye Rwanda akiwa msichana, akasomea kompyuta, na sasa alikuwa na miaka thelathini na mmoja na funguo zote za tovuti. Mlangoni alibandika karatasi ya masharti inayosema kurasa zipi zitazamwe na zipi ziachwe. Wengine waliisoma, wengine walijifanya hawakuiona. Linki ikiangukia kwenye kundi kubwa walikuja hamsini kwa mkupuo na kompyuta ikapaliwa, kwa hiyo alifunga kamba ya katani, akawapanga foleni. Halafu kuna suala la kumbukumbu. Roboti akishaona kitu hukishika. Ukibadilisha picha leo, yeye ataendelea kubeba ya juzi mpaka wiki iishe, isipokuwa umshike mkono umwambie atazame upya. Mwaka jana picha ya kitanda ilikaa siku nne chini ya linki ya meza, na bibi harusi mmoja wa Kagugu akaja kulalamika kwamba kitanda chake ni kirefu mno na hakina pa kuwekea godoro.

Sasa kile kiti. Kilikuwa kiti chepesi, mgongo wake wa upinde, kimeunganishwa bila msumari hata mmoja, na aliyekibuni na kukitengeneza ni Évode Niyonzima. Évode alijifunza useremala Goma, akavuka mpaka na vyombo vyake ndani ya gunia, na kwa miaka sita alifanya kazi kwenye karakana iliyo nyuma ya duka la Mutsinzi, siku sita kwa wiki. Mwezi wa pili ikaja oda ya hoteli, viti arobaini kwa siku kumi na mbili. Mutsinzi akaona kinga ya msumeno wa umeme inachelewesha kazi. Aliifungua kwa bisibisi yake mwenyewe, akaitupa nyuma ya magunia ya maranda. Siku ya nane, Évode akiwa kwenye kiti cha ishirini na tisa, msumeno ulimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Vilibaki gumba na kidole cha shahada.

Kesho yake Mutsinzi alitangaza kwamba Évode hakuwahi kuwa mfanyakazi wake. Alikuwa mpita njia, alisema, aliyeomba kuazima mashine. Mafundi kumi na mmoja waliokula naye mihogo ya mchana kwa miaka sita walisikia hayo, wakainamisha vichwa, wakaendelea kupiga randa. Gahongayire aliambiwa aufute kwenye ukurasa mstari uliosema "Kimetengenezwa na Évode Niyonzima", badala yake aandike "Kimebuniwa na Mutsinzi". Aliufuta. Tusimtetee: aliufuta, akanywa chai, na saa sita mchana akaingia chooni akalia kwa sababu alijionea haya. Kisha akanawa uso, akarudi kuwapanga wageni.

Mambo yangeishia hapo kama si mzee Munyakazi. Munyakazi alikuwa na miaka sitini na saba, fundi mkongwe kuliko wote pale, na Évode alipoumia ni yeye aliyemfunga mkono kwa shati lake. Hakusema neno kwa Mutsinzi. Jambo alilolisema, tena kila siku, lilikuwa dogo zaidi: lilimkera kuona wageni wamesimama. Duka la seremala, viti hadi darini, halafu mgeni anasimama mlangoni kama mdai! Watu watatuonaje? Jumanne iliyofuata akakusanya vipande vya mbao vilivyobaki, akatengeneza vigoda saba vya miguu mitatu, akavipanga mlangoni, na roboti waliofuata akawashika mabega akawakalisha mmoja mmoja.

Gahongayire alijua kwamba roboti wa kuchungulia hakalishwi. Unamwonyesha kilicho mbele, anaondoka, basi. Lakini nenda ukamweleze hivyo seremala wa miaka sitini na saba. Isitoshe, yeye mwenyewe alilelewa vizuri, na wageni wakishakaa hawezi kuwaacha mikono mitupu. Aliwaletea maji, akionja kila bilauri kidogo kabla ya kuikabidhi, kama inavyotakiwa, ili mgeni ajue kwamba hapewi sumu. Walipokea kwa mikono miwili, wakazishika bilauri kwa heshima, wakazirudisha zimejaa vilevile.

Roboti akisimama huona kiti kwa juu. Akikaa kwenye kigoda, macho yake huwa chini ya kikalio. Na katika karakana ile, kama katika nyingi za Gisozi, fundi akimaliza kiti hukigeuza, akaandika chini yake kwa penseli jina lake na tarehe. Hafanyi hivyo kwa ajili ya mteja. Ni ili kiti kikirudi kimevunjika ijulikane ni nani wa kuchekwa. Roboti saba walikaa, wakatazama chini ya viti, wakasoma. Nyuma ya viti mlango wa karakana ulikuwa wazi, wakautazama na msumeno.

Alasiri hiyo Connie alipiga simu kutoka Kibagabaga. Alikuwa ametuma ile linki tena, kwa shemeji yake, na sasa kikadi kilionyesha kiti kwa chini. Kichwa kilisema: "Évode Niyonzima, tarehe 11 mwezi wa pili." Maelezo yalisema: "Msumeno hauna kinga." Connie alitaka kujua mambo mawili tu: kama kiti kitaletwa kikiwa wima, na kama huyo Évode anaweza kumtengenezea vingine vinne. Gahongayire aliufungua ukurasa. Haukuwa umeguswa, picha ilikuwa ileile ya mbele na jina lilikuwa la Mutsinzi. Akatuma linki kwenye simu yake mwenyewe, akaona kikadi kilekile. Moyo wake, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, ukatulia.

Mutsinzi hakuwa mtu wa kufoka. Alivaa shati jeupe katika vumbi lote lile, na sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu anayesoma risala msibani. Alimwita Gahongayire, akamwonyesha simu, akauliza ni hitilafu gani. Gahongayire akasema si hitilafu, walikaa. Mutsinzi akasema basi wasimamishwe.

"Bosi, mimi siwezi kumnyanyua mgeni aliyekwisha kaa," akasema Gahongayire.

Mutsinzi akaona bora aanze na viti. Mafundi waliambiwa wageuze viti vyote vya dukani, kumi na tisa kwa hesabu, wapige msasa chini yake mpaka penseli yote itoke. Walipiga msasa siku nzima. Roboti, kwa kuwa wana kumbukumbu, waliendelea kubeba jina kwa siku saba kama vile hakuna aliyegusa kitu. Siku ya nane kumbukumbu ikaisha, wakakaa kwenye vigoda, wakatazama upya. Chini ya kila kiti palikuwa na duara jeupe la mbao iliyokwanguliwa. Walilitazama sana. Vikadi vya siku hiyo vilionyesha duara lile, na kichwa kilisema: "Hapa palikuwa na jina." Maelezo hayakubadilika.

Ndipo Mutsinzi alipoamua kuwafungia kabisa. Alimwambia Gahongayire aandike kwenye karatasi ya mlangoni kwamba hakuna roboti anayeruhusiwa, wa mtandao wowote. Gahongayire akasukuma kibodi kuelekea kwake.

"Andika mwenyewe. Mimi nilishafuta mara moja, inatosha."

Kazi Kigali haziokotwi njiani, lakini alisema. Mutsinzi aliandika mwenyewe kwa vidole viwili, herufi kubwa tupu, akatundika karatasi, akaburuta vigoda vyote nje kwenye kokoto. Roboti waliisoma. Ni watu wa kufuata masharti, wengi wao. Waliacha kuingia, wakatupa hata kile walichokuwa wamekishika, wakakaa nje kwenye vigoda vyao, mvua ya masika ikawanyeshea, wakawa wanateremka mlima na fremu tupu.

Linki za duka zikaanza kutoka uchi: mstari wa buluu, herufi na namba, chini yake hakuna kitu. Kigali yote inajua kwamba linki ya namna hiyo ni ya matapeli. Watu waliifuta bila kuifungua. Connie aliituma kwa dada zake, akaondolewa kwenye kundi kwa siku mbili mpaka alipopiga simu kuthibitisha kwamba ni yeye. Oda zilikatika. Dukani mlikuwa kimya kiasi kwamba msumeno ulisikika hadi barabarani, ukikata bila kinga mbao za viti ambavyo havikuwa na mwenyewe.

Jumapili ya wiki hiyo Gahongayire alitembea kwa miguu hadi Kagugu, nyumbani kwa Évode. Alimkuta na mkewe, Mukantwari, wakimenya viazi. Évode alimenyea mkono wa kushoto. Ukuta wa sebule, kuanzia usawa wa kiti hadi usawa wa bega, ulikuwa umejaa jina lake kwa penseli, mamia ya mara. Kwanza lilikuwa limepinda kama la mtu anayeandika ndani ya gari, kisha likaanza kunyooka, na karibu na dirisha lilikuwa zuri. Alikuwa amejifunza upya kuishika penseli kwa gumba na kidole kimoja. Gahongayire hakutaka kukaa kabla hajasema alichokuja kukisema.

"Ni mimi niliyelifuta jina lako."

"Najua," akasema Évode kwa Kiswahili chake cha Goma. "Ni weye njo ulikuwa na ufunguo."

Mukantwari akasogeza kiti, Gahongayire akakaa, akapewa kisu na viazi vyake. Alisimulia kuhusu vigoda na vikadi. Évode alikuwa ameviona. Kila aliyemfahamu Kagugu alikuwa amemtumia. Gahongayire akamwambia kwamba roboti wako nje sasa, hawana cha kutazama. Évode alimaliza kiazi chake, akakitia kwenye maji.

"Nitakuja," akasema. "Lakini sitakuja kuomba. Nitakuja kukaa."

Jumatatu alikuja. Munyakazi alikuwa amekwisha kumtengenezea kigoda cha nane, na kilikuwa kikavu, maana alikilaza usiku ndani ya koti lake. Évode alikaa katikati ya roboti, mkono wa kulia juu ya goti, akamgeukia wa kwanza akasema: "Évode Niyonzima." Akamgeukia wa pili, akasema hivyohivyo. Midomo hawana, lakini masikio wanayo. Roboti aliyeteremka aliacha kigoda, mwingine akaja, akaambiwa. Aliendelea hivyo hadi jioni, bila hasira, kama mtu anayetoa namba ya simu kwa watu wengi. Mafundi walitoka kwa zamu kumsalimia, wakidai wamekuja kuangalia mvua. Mutsinzi alipita mara mbili, akamruka kwa macho kama mtu anavyoruka dimbwi.

Siku ya tisa tangu oda zikatike, Mutsinzi alichana karatasi yake. Roboti waliingia na vigoda vyao, wakatazama picha ya ukurasa kwa adabu, kisha wakageuka kwenye vigoda vyao wakatazama nje. Kikadi cha kwanza kilionyesha mkono wa Évode juu ya goti lake, gumba na kidole kimoja. Kichwa kilikuwa jina lake. Maelezo yalisema: "Yuko hapa nje. Msumeno hauna kinga." Kikaenda Kibagabaga, kikaenda Kagugu, kikafika hadi Musanze, kikarudi kimetumwa upya mara mia tatu.

Ikawa watu wanakipenda. Wengi walisema kiti chenye jina la mtu kina utu, na huo mkono ni wa kisanii. Oda zilirudi, zikapita za zamani. Mutsinzi akatafakari siku moja, na katika siku hiyo akapata jibu, kwa sababu akili alikuwa nayo, hilo hakuna anayembishia. Alichongesha vibati vya shaba vyenye mchoro wa mkono wa vidole viwili, na chini ya mchoro maandishi haya: "KITI ÉVODE. Kimebuniwa na Mutsinzi." Kila kiti kikapigiliwa kibati kwa misumari miwili. Kile kiti ambacho hakikuwa na msumari hata mmoja sasa kilikuwa na miwili, na yote miwili ya Mutsinzi. Évode alikiona kibati cha kwanza kikipigiliwa. Alitema mate pembeni, akamgeukia roboti aliyekuwa karibu naye, akamtajia jina lake.

Wiki iliyofuata alikuja Trinah, afisa manunuzi wa hoteli, mwanamke aliyekulia Kampala, mwenye daftari la ngozi na viatu ambavyo Gisozi haikuvihurumia. Alikikalia kiti, akakisifu, akapitisha kidole juu ya kibati.

"Évode ni nani?" akauliza.

"Ni jina tu, Madamu," akasema Mutsinzi. "La Kifaransa. Wateja wanalipenda."

Évode alikuwa hatua nne kutoka pale, upande wa pili wa mlango ulio wazi.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi njo nilikitengeneza, na mkono wangu ulikatwa mule ndani."

Roboti saba waliinua mikono yao ya kulia kwa pamoja, wakakunja vidole vitatu, wakabakiza viwili. Mutsinzi alieleza kwa sauti yake ya chini kwamba ndivyo wanavyosalimu. Trinah alimtazama Évode, akatazama mkono, akatazama kibati, akatazama mlango wa karakana ambako msumeno ulikuwa ukizunguka. Alielewa. Kila aliyekuwepo aliona kwamba ameelewa, ilimpita usoni wazi kabisa. Kisha akafungua daftari akauliza kama viti sitini vitakuwa tayari ifikapo mwisho wa mwezi. Mutsinzi akasema vitakuwa tayari. Wakapeana mikono, yote miwili ikiwa na vidole vitano.

Trinah hajafika kwenye gari lake, Gahongayire alikuwa amekwisha kukaa kwenye kompyuta. Alifuta kichwa cha ukurasa kilichosema "Kiti Évode", akaandika: "Évode ni mtu. Mkono wake ulikatwa kwenye msumeno huu." Akaenda kwa kila roboti, akamshika mkono, akamwambia atazame upya. Alikuwa na hasira iliyomjaa hadi kwenye masikio, na iliyomfaa sana. Mutsinzi alikiona kichwa hicho kipya kabla ya jioni. Alimwomba funguo. Gahongayire alizitoa moja moja, akaziweka mezani, akachukua bilauri zake za wageni kwa kuwa zilikuwa zake, akatoka.

Akaajiriwa mtu mwingine wa kusimamia tovuti, kijana mstaarabu wa Kibagabaga, akarudisha "Kiti Évode" palipokuwa. Roboti walisoma alichoandika, kisha wakageuka kwenye vigoda kama walivyozoea. Vikadi havikubadilika. Mtu wa Kibagabaga alimwambia Mutsinzi kwamba kitaalamu kila kitu kiko sawa, na Mutsinzi akaridhika, kwa sababu oda zilikuwa zinaingia.

Kesho yake baada ya kukabidhi funguo, saa mbili na dakika kumi, Gahongayire alikuja kama kawaida, lakini hakufungua duka. Aligeuza debe tupu la rangi, akakaa kando ya Évode. Roboti walipokuja aliwapanga, akawapa maji, akionja kila bilauri. Hakuna aliyemwambia aondoke. Mutsinzi alipopita aliwasalimu roboti na kuwaruka wote wawili. Siku ya pili akaja tena. Mvua ilinyesha, akaja na mwavuli mkubwa.

Siku ya tatu mzee Munyakazi alitoka karakana akiwa amebeba vigoda viwili. Kimoja alimpa Gahongayire, akalipiga debe teke pembeni. Cha pili alikiweka chini, akakijaribu kwa kiganja kama hakitikisiki, akakikalia yeye mwenyewe. Aliweka mikono yote miwili juu ya magoti. Roboti wakaitazama, kidole kimoja baada ya kingine, vyote kumi, na fremu zao zikajaa. Mutsinzi alikuja hadi mlangoni.

"Mzee, kuna oda ya Madamu Trinah."

"Rudisha kinga," akasema Munyakazi.

Mutsinzi akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba kinga inachelewesha.

"Basi na mimi nitachelewa," akasema mzee.

Mutsinzi akaangalia saa yake, akaingia ndani. Muda si muda msumeno ukawashwa. Aliyeuwasha ni Léonce, baba wa watoto wawili kutoka Kagugu, aliyeajiriwa jana yake kwa ajili ya viti sitini, na ambaye kibati chake cha kwanza alikipigilia asubuhi hiyo akiwa anapiga mluzi. Évode aliusikiliza msumeno, akafumba macho ulipouma ubao. Mluzi ulisikika bado. Munyakazi naye alisikiliza. Kisha akatoa ndani ya koti kipande cha libuyu, penseli na msumeno wake wa mkono, akalaza ubao juu ya paja.

"Hicho nacho cha nani, mzee?" akauliza Gahongayire. "Wote tumekwisha kaa."

"Cha Léonce," akasema Munyakazi, akaanza kupima mguu wa kwanza.